Saratani ya shingo ya kizazi: msikae kuisubiri kompyuta

Tangu kampeni ya Januari ianze, meseji zinazoingia kwetu hapa maabara Chake ni za namna moja tu, "hiyo mashine ya kompyuta ya kupima shingo ya kizazi ishafika Pemba?" Wengine wanatwambia kabisa kuwa kipimo cha siki, kile cha nesi kupaka siki na kutazama kwa macho, hawakitaki tena, wanangoja cha kompyuta. Sasa jamani, kungoja huko ndo kunakotutia wasiwasi.

Kompyuta haimpimi mtu, inasoma picha. Na picha zenyewe ni za namna mbili ambazo watu wanazichanganya. Kuna za maabara, yaani chembe zinachukuliwa shingoni mwa kizazi, zinawekwa kwenye kioo, zinatiwa rangi, mashine inakipitia kioo. Hii wala si mpya, Marekani mwaka 1995 washaruhusu mashine za kurejea vioo ambavyo watu walivisoma wakaviona safi, mojawapo ilikuwa inachagua picha 128 zenye mashaka mtaalamu azitazame kwenye skrini. Zilokuja baadae zipo zinazompeleka msomaji sehemu 22 za kioo, akiona kitu hapo anakisoma kioo chote mwenyewe. Kioo kimoja kina maelfu kwa maelfu ya chembe na mbaya zinaweza kuwa chache mno, na ikifika saa nane mchana macho ya mtu yashachoka.

Namna ya pili ni picha ya shingo ya kizazi yenyewe. Nesi anapaka asidi ya siki, asilimia 3 hadi 5, anasubiri dakika moja, palipo na mabadiliko panageuka peupe. Pengine ni utando mweupe mzito wenye ukingo unaoonekana wazi, pengine ni kiwingu tu ambacho manesi wawili wanaweza kubishana juu yake, na hapo ndo kompyuta ilipotarajiwa kusaidia. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya programu iliyofunzwa kwa picha za zamani za wanawake wa Guanacaste, Costa Rica, na ilifanya vizuri sana. Baadae ikaonekana programu iliyozoea picha za kamera moja inababaika ukiipa za kamera nyengine. Damu kidogo, ute, mwanga wa tochi umepiga vibaya, basi jibu halitegemeki. Kwa hiyo anaekwambia simu yake ina programu ya kugundua saratani, muulize imethibitishwa na nani.

Na kompyuta ikisema "kuna mashaka" haijasema una saratani! Hili tunalirejea kila siku mpaka tumechoka. Kirusi cha HPV, ndicho kinacholeta saratani hii, kwa kawaida kinachukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, kwa mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Kinachotafutwa ni yale mabadiliko ya kati, ambayo mengi yanatibika kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto, kizazi hakitolewi. Shirika la Afya Duniani linasema anza miaka 30, mwenye VVU 25, na kwa kipimo cha siki urudie kila miaka 3. Aliyechanjwa chanjo ya HPV nae aje umri ukifika.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msome vizuri. Usije ukiwa hedhini, na siku mbili kabla usijisafishe ndani wala usilale na mume. Kuhusu funga muulize sheikh wako, sie ni watu wa maabara. Kwa kipimo cha maabara, kioo kinaandikwa namba kwa penseli mbele yako, namba hiyohiyo kwenye fomu na kwenye daftari. Kikitufikia hakina namba kinarejeshwa, namba ikitafautiana na fomu kinarejeshwa, hata kama inajulikana ni cha nani, na wewe utaitwa uchukuliwe upya. Aliyekosea anaandikwa, akirudia anajieleza kwa mkuu wake. Mnalalamika tunawasumbua, lakini mnataka jibu la mama mwengine?

Picha zinapigwa kwa ridhaa yako, uso haumo, jina halimo. Mfanyakazi akiirusha kwenye grupu la WhatsApp hilo ni kosa la nidhamu, na ripoti ukisikia. Ukikataa picha bado utapimwa.

Majibu yanayohitaji matibabu tunawapigia simu wenyewe, wa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, anaandikiwa barua, na ikibidi mionzi ni hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Ila namba mnazotupa nyengine ni za jirani, nyengine za mume ambae hajui hata kama mkewe kapima, tukipiga tunajibiwa "umekosea". Andika ya kwako, na ukibadilisha laini pita utwambie.