Je, wajua kwa nini mtoto husema "kitabu kilikuwa kizuri" kisha akanyamaza?

Mtu mzima yeyote aliyewahi kumwuliza mtoto maoni yake kuhusu kitabu alichokimaliza analijua jibu hilo: "Kilikuwa kizuri." Akiombwa aongeze, mtoto husema kwamba kilimfurahisha, au kwamba kina mambo mengi, halafu mazungumzo yanakatika. Kwa sababu hiyo wengi wameamini kwamba watoto husoma kijuujuu na kwamba hawana maoni ya kina kuhusu wanachokisoma. Imani hiyo si sahihi, kwani mtoto huyo huyo, akikutana na mwenzake aliyesoma kitabu kile kile, ataeleza kwa kirefu ni mhusika gani aliyemkera, ni sura gani aliyoiruka na kwa nini mwisho wake ulimwacha na hasira. Maoni anayo. Linalohitaji kuelezwa ni kwa nini yanajificha mbele ya mtu mzima na kujitokeza mbele ya msomaji wa rika lake.

Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya swali tunalowauliza. Aidan Chambers, mwandishi wa Uingereza aliyewahi kuwa mwalimu, alilishughulikia jambo hili katika kitabu chake Tell Me, kilichotoka mwaka 1993, akashauri kwamba "kwa nini" liepukwe katika mazungumzo na watoto kuhusu vitabu. Mtoto aliyesema amekipenda kitabu, akirushiwa "kwa nini?", huona kama anahojiwa, na hata asipotishika, swali lenyewe ni pana mno, kwa kuwa kupenda kitabu kizima kuna sababu nyingi zilizofungamana ambazo hata mhakiki mzoefu hawezi kuzifungua kwa sentensi moja. Badala yake Chambers alipendekeza kauli ya "niambie", ikifuatwa na maswali manne ya msingi: je, kuna kitu ulichokipenda, kuna usichokipenda, kuna kilichokutatiza, na je, uliona mambo yanayojirudia au yanayohusiana?

Kati ya hayo manne, naona lile la tatu ndilo lenye rutuba kuliko mengine yote. Kusema kitabu ni kizuri au ni kibaya ni kutoa hukumu, na anayetoa hukumu anaweza kuambiwa amekosea; kusema kwamba jambo fulani lilikutatiza hakuwezi kuwa kosa, kwa sababu hakuna anayejua ulichotatizwa nacho kuliko wewe mwenyewe. Tuchukulie kundi dogo la wasomaji lililomaliza riwaya ambamo kaka wa mhusika mkuu anaondoka nyumbani na hatajwi tena. Mmoja anasema hakuelewa kwa nini hakurudi. Wa pili anajibu kwamba alirudi, ila hakuitwa kwa jina, na kwamba ndiye yule mgeni wa sura ya mwisho. Wa tatu anakataa katakata, na wote wanakifungua kitabu kuutafuta ukurasa wenyewe. Hapo tayari wamefanya kazi ya uhakiki kwa ukamilifu wake, yaani wametoa hoja, wakaipinga na wakaitafutia ushahidi, ingawa hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo, na kila mmoja ataondoka na maoni ambayo hakuwa nayo alipokaa.

Umri nao una nafasi yake. Arthur Applebee, mtafiti wa Marekani aliyechunguza jinsi watoto wanavyozielewa hadithi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1978, alionyesha kwamba mtoto wa miaka 6 hivi anayeulizwa kuhusu hadithi kwa kawaida huisimulia upya, tukio baada ya tukio; anapokaribia miaka 9 huanza kuifupisha na kuiweka katika kundi, kama vile hadithi ya kuchekesha au ya kutisha; na katika miaka ya ujana ndipo uchambuzi wa muundo na wa maana unapojitokeza. Kwa hiyo mtoto mdogo anayesimulia kitabu kizima anapoombwa maoni hajalikwepa swali. Maoni yake yamo katika kile alichokikumbuka kwa kirefu na kile alichokipita haraka, na anayesikiliza kwa makini ataona kwamba tukio lililochukua kurasa 2 kitabuni limechukua nusu ya masimulizi.

Zaidi ya hayo kuna suala la mamlaka, ambalo halisemwi mara nyingi. Fasihi ya watoto ni aina ya pekee ya fasihi, kwa kuwa karibu kila hatua yake iko mikononi mwa watu ambao si wasomaji wake: mtu mzima huandika, mtu mzima huhariri, mtu mzima hununua, na kwa miaka mingi mtu mzima ndiye aliyetoa tuzo. Medali ya Newbery ya Marekani, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 na inayohesabiwa kuwa tuzo ya kwanza ya fasihi ya watoto duniani, huamuliwa na wakutubi. Ni watu wenye ujuzi mkubwa, lakini wanasoma kwa jicho la mtu anayejiuliza iwapo kitabu kitamfaa mtoto, na jicho hilo haliwezi kuona sawasawa na la mtoto anayejiuliza tu nini kitatokea baadaye. Mtoto huihisi tofauti hiyo. Akiulizwa maoni na mtu aliyemchagulia kitabu, hujua kwamba jibu linalotarajiwa ni la shukrani, naye hulitoa.

Hata hivyo, wapo wachapishaji waliotambua mapema kwamba hukumu ya mtoto ina thamani yake. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwaka 1936, ambapo Stanley Unwin, mchapishaji wa London, alimpa mwanawe Rayner, aliyekuwa na miaka 10, muswada wa The Hobbit wa J. R. R. Tolkien ili ausome na kuandika ripoti fupi kwa malipo ya shilingi 1. Rayner alieleza hadithi kwa ufupi, akasema kwamba kwa kuwa kitabu kina ramani hakihitaji picha, na akahitimisha kwamba ni kizuri na kitawafaa watoto wote wa miaka 5 hadi 9. Kitabu kilitoka Septemba 1937. Ushauri kuhusu picha haukufuatwa, kwani toleo la kwanza lilikuwa na michoro ya Tolkien mwenyewe, lakini ripoti ile iliisaidia kampuni kuamua kuchapisha. Kinachonivutia zaidi ni ule umri aliopendekeza: msomaji wa miaka 10 aliyeonekana wazi kukifurahia kitabu aliwapa wale walio chini yake. Wasomaji wengi wadogo hufanya hivyo hivyo, kwa sababu kutaja umri wa kitabu ni kujitaja mwenyewe pia, na hakuna anayependa kuonekana mdogo.

Tuzo zinazoamuliwa na wasomaji wenyewe zilianza kuenea baadaye. Mwaka 1940 chama cha wakutubi wa kaskazini magharibi mwa Marekani na magharibi mwa Kanada kilianzisha tuzo ambayo kura zake hupigwa na watoto na vijana. Nchini Ufaransa ilianzishwa mwaka 1988 Prix des Incorruptibles, ambayo washiriki wake huahidi kusoma vitabu vilivyoteuliwa kwa ajili yao, kujijengea maoni binafsi juu ya kila kimoja, na ndipo wapige kura. Nayo tuzo ya serikali ya Ujerumani ya fasihi ya vijana, iliyoanzishwa mwaka 1956, iliongezewa jopo la vijana mwaka 2003, nalo huteua vitabu vyake bila kuliuliza jopo la wahakiki watu wazima. Mpangilio huo wa Ujerumani naona ni wa busara, kwa sababu hauwachanganyi vijana na wakubwa katika meza moja ambako sauti yenye uzoefu ingemeza ile nyingine. Orodha mbili hutolewa sambamba, na msomaji anaweza kuona zinapokutana na zinapoachana.

Na zinaachana wapi? Mtu mzima husifu lugha nzuri na ujumbe unaofaa. Msomaji mdogo hutazama kwanza iwapo hadithi inasonga, na kisha iwapo mwandishi amekuwa mkweli kwake. Neno "kinachosha", ambalo watu wazima hulichukulia kuwa la uvivu, mara nyingi lina maana mahususi kabisa: kwamba maelezo yalikuja kabla msomaji hajawa na sababu ya kuyataka. Vijana kwa upande wao hulalamikia mambo ambayo mwandishi hawezi kuyaona peke yake, kama vile mazungumzo ya wahusika wa miaka 15 yanayofanana na ya wazazi wao, au tatizo zito lililojengwa kwa sura 20 ambalo mtu mzima mwema anatokea na kulitatua kwa sura moja. Mafunzo yaliyofichwa vibaya nayo huyagundua upesi, nao huudhika kwa sababu waliahidiwa hadithi.

Pengine ndiyo maana maoni ya mwenzao huwashawishi kuliko ya mwalimu au mzazi. Mwenzao hana sababu ya kukisifu kitabu kisichostahili. Anajua pia ni habari gani msomaji wa rika lake anaihitaji, na ni ipi akiificha atakuwa amemtendea wema, ndiyo maana watoto hujifunza mapema sana kuonya, "Nisikuambie mwisho."

Kuna namna moja ya maoni ambayo watu wazima hawajazoea kuipokea, nayo ni ya mtoto ambaye hakumaliza kitabu. Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa, aliorodhesha mwaka 1992 haki 10 za msomaji, na miongoni mwake kuna haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza. Mahali pengi mtoto aliyeishia njiani huhesabiwa kuwa hana la kusema, ilhali yeye ndiye anayeweza kuonyesha kwa usahihi mahali ambapo kitabu kilimpoteza msomaji wake. Akiulizwa aliishia ukurasa gani, mara nyingi anaukumbuka. Na akiulizwa ni nini kilikuwa kikiendelea hapo, yule yule aliyejibu kwa maneno mawili huanza kueleza.