Je, wajua kwa nini Kaizari Nintoku wa Japani aliacha paa lake livuje?

Kaizari hakosi mafundi wala miti ya kujengea. Mvua ikimnyeshea kitandani, si anaagiza tu paa lizibwe? Nintoku hakuagiza, na Wajapani wanasimulia sababu yake hadi leo.

Katika orodha ya kale ya makaizari wa Japani, Nintoku ni wa 16. Jumba lake lilikuwa Naniwa, palipo jiji la Osaka siku hizi. Siku moja alipanda mahali pa juu akatazama makazi ya watu wake. Hakuona moshi popote. Enzi hizo watu walipikia kuni, kwa hiyo moshi ukikosekana, ujue jikoni hakuna cha kupika. Akawaza: ikiwa walio karibu nami wana njaa, walio mbali je? Akaamuru kwamba kwa miaka mitatu asitozwe mtu kodi wala kulazimishwa kazi za serikali.

Sasa, jumba lenyewe lilikuwa limeezekwa kwa nyasi, na nyasi huoza. Pasipo vibarua, paa likatoboka na ua ukaanguka. Mvua iliponyesha walikinga matone kwa vyombo, wakahamia palipo pakavu. Usiku waliona nyota wakiwa ndani.

Miaka mitatu ilipotimia alipanda tena, akaona moshi kila upande. Akamwambia malkia kwamba sasa wametajirika. Malkia akashangaa: utajiri gani, na matandiko yamelowa? Nintoku akamjibu kwamba watu wake wakiwa maskini naye ni maskini, wakishiba naye ni tajiri. Akangoja miaka mitatu mingine. Hatimaye watu walikuja wenyewe, wakubwa kwa wadogo, wakabeba mbao usiku na mchana.

Je, ni kweli tupu? Kisa hiki kimo katika Kojiki ya mwaka 712 na Nihon Shoki ya mwaka 720, vitabu vilivyoandikwa zaidi ya miaka 300 baada ya enzi anayotajiwa. Nihon Shoki inasema alitawala miaka 87! Ndiyo maana wanahistoria wanakiita hekaya. Waandishi wa ikulu, waliosoma sana mafundisho ya China, walitaka kuonyesha mtawala mwema huwaje.

Kaburi linaloitwa lake, hata hivyo, lipo kweli, mjini Sakai. Ni kilima kilichojengwa kwa mikono, chenye umbo la tundu la ufunguo, kimezungukwa na mahandaki matatu ya maji. Urefu wake ni mita 486, karibu viwanja vitano vya mpira vikipangwa mstari mmoja. Mwaka 1985 kampuni ya ujenzi ya Obayashi ilikadiria kwamba kwa zana za kale ingehitaji watu hadi 2,000 kwa siku, kwa zaidi ya miaka 15. Hilo ndilo linalonishangaza zaidi: kaizari anayesifiwa kwa kuwapumzisha watu ndiye aliyepewa kaburi lililowachosha kuliko yote nchini. Wachunguzi wanaona lilijengwa katika karne ya 5, na hawana uhakika kama aliyelala humo ni yeye.