Kufuta programu si kufuta akaunti

Hapa Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari hadi Likoni, utasikia mtu akisema, “Facebook nimeshaifuta,” kumbe alichoondoa ni programu kwenye simu tu. Akaunti ingali hai: picha za harusi ya dadake zinaonekana, na watu wanamtumia ujumbe asiouona. Linaniuma zaidi kwa anayedhani amejikinga na mtu anayemfuatilia.

Kuisimamisha kwa muda nako si kuifuta. Wasifu hufichika, lakini ukiingia tena kila kitu hurudi.

Kuifuta kabisa kunaanzia kwenye mipangilio, ndani ya Kituo cha Akaunti, penye umiliki na udhibiti wa akaunti. Pakua picha zako kwanza, tafadhali. Ukishathibitisha, unapewa siku 30 za kughairi. Zikipita, akaunti hairudi, ingawa kuondoa data yote kwenye mitambo yao huweza kuchukua hadi siku 90. Ujumbe uliowatumia wengine hubaki kwao.

Messenger nayo huondoka pamoja na Facebook, kwa hivyo wapashe habari jamaa mnaowasiliana huko kabla hujabonyeza.