Mshale wa sekunde hautoshi kuitambua saa halisi

Wengi wanaokusanya saa za mkono za bei kubwa wanaamini kwamba saa halisi hujulikana kwa mshale wa sekunde: ukiteleza ni ya kweli, ukiruka tik-tik ni feki. Imani hii ina chanzo chake. Feki nyingi za zamani ziliendeshwa na betri, na saa ya betri kwa kawaida husogeza mshale mara moja kila sekunde.

Huko kuteleza kwenyewe ni miruko midogo ya haraka. Mashine ya springi, isiyotumia betri, yenye mapigo 28,800 kwa saa moja (saa ya dakika 60, si ya mkononi) hurusha mshale mara 8 kila sekunde. Yenye mapigo 21,600, mara 6. Siku hizi mashine za namna hiyo zipo za bei nafuu, na watengenezaji wa feki wanazitumia. Tena zipo saa halali za gharama zenye betri, na chache za springi zilizoundwa makusudi ziruke sekunde mojamoja.

Mshale basi unakuonyesha aina ya mashine tu. Kabla ya kulipia saa inayofuata, ipige video ya mwendo wa polepole kwa simu, hesabu miruko, ulinganishe na maelezo ya mtengenezaji kuhusu modeli hiyo. Feki nzuri bado itapita hapo, kwa hiyo mpe fundi saa afungue mfuniko wa nyuma na kukagua mashine. Muuzaji akikataa ifunguliwe, mimi ningeondoka, hata akiwa na boksi na kadi ya dhamana. Hivyo navyo huigwa.