Hawashuki na Mvua, Wako Kwenye Udongo

Jumamosi iliyopita huko Chanika dereva wa lori la kifusi aliniambia maneno niliyoyasikia mpaka nimechoka: "Kaka, usihangaike, masika ikija watashuka samaki wengine." Alikuwa ameshamwaga tripu mbili kwenye kidimbwi kikavu ninachokifuatilia tangu vuli.

Hawashuki. Notho (Nothobranchius), visamaki vya vidimbwi vinavyokauka, wa masika ijayo tayari wamo mle, wakiwa mayai, ndani ya udongo mweusi wa mfinyanzi uliopasukapasuka kwa jua. Ukiufukia umewazika, na mawingu hayana akiba ya kukurudishia.

Wengine, tena wafugaji wenzangu, hulisahihisha kosa hilo kwa kosa jingine: eti samaki mwenyewe hujichimbia topeni kama kamongo. Hapana! Kamongo hujifukia mzimamzima na kupumua hewa. Notho maji yakikauka hufa wote, madume kwa majike. Kinachobaki ni yai lenye ganda gumu, na ndani yake kiinitete kilichosimamisha ukuaji. Tena hakisimami mara moja tu. Kina vituo vitatu: mwanzoni kabisa, katikati, na mwishoni kikiwa kimekamilika, macho yanaonekana, kinangoja maji. Kingine hupita kituo bila kusimama, kingine hulala hapo miezi. Mayai ya jike mmoja hayaendi pamoja, na hiyo ndiyo kinga yao. Vuli ikidanganya, ikajaza kidimbwi wiki moja kisha kikakauka, walioanguliwa watakufa, lakini ndugu zao bado wamelala. Kwa hiyo hata kuchota tope la juu "kidogo tu" la kufyatulia matofali kunaniumiza.

Nyumbani nafuga melanospilus, aina mojawapo ya notho, yule ambaye jike wake ana madoa meusi. Maji ya bomba yalale kwanza klorini itoke. Chakula, viluwiluwi vya mbu. Hutaga kwenye bakuli lenye vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa. Nalikamua, nalitia kwenye kimfuko pamoja na mayai likiwa na unyevu, naandika tarehe. Vitabu hukupa idadi ya wiki za kungoja kabla ya kulowesha, ila mimi kalenda nimeacha kuiamini: mfuko mmoja nimeulowesha mara tatu, na kila mara wametoka wapya. Naangalia macho ya yai kwa lenzi, basi.

Linaloninyima usingizi ni kuwarudisha porini. Wa vidimbwi viwili siwachanganyi kamwe, hilo halina mjadala. Lakini hata wa kidimbwi kimoja, baada ya vizazi vinne vya kulishwa tangini bila ndege wa kuwawinda, nina shaka kama bado ni samaki walewale. Ndiyo maana napigania udongo kuliko tangi langu.

Dereva alinisikiliza, akazima injini. "Sasa tripu ya tatu niipeleke wapi?" Tukamtafutia shimo la zamani la mchanga, ng'ambo ya barabara. Nusu ya kidimbwi bado iko wazi.