Mpira wa dialisisi kuziba: maana yake

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mpira wa shingoni huweza kuambiwa siku moja na muuguzi kwamba mpira umeziba. Habari hiyo ikifika nyumbani, Chunya au Tukuyu, hugeuka kuwa "ana damu nzito", na ushauri wa kitunguu saumu huanza. Damu yake yaweza kuwa haina tatizo lolote. Kilichoigandisha ni mpira wenyewe.

Mpira huo, yaani katheta, una njia mbili: nyekundu hupeleka damu kwenye mashine, ya buluu huirudisha. Hupitishwa chini ya ngozi ya kifua, ukaingia kwenye mshipa mkubwa wa shingo hadi karibu na moyo. Damu haijui kuwa mpira umewekwa kwa nia njema. Ikigusa kitu kigeni, protini hukishika, chembe sahani, zile za kugandisha damu, hufuata, na nyuzi za fibrini, yaani protini inayoshikilia damu iliyoganda, hujisuka juu yake.

Kisha kuna kutuama. Anayesafishwa mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, hutumia mpira saa 12 tu. Saa 156 zinazobaki umekaa bure. Ndiyo maana kila baada ya dialisisi muuguzi hujaza njia zote mbili dawa ya kuzuia kuganda, mara nyingi heparini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mpira. Dawa hiyo huvuja kidogo kidogo kwenye ncha, damu ikachukua nafasi yake. Anayetoka Makete akakosa gari, mpira wake unasubiri zaidi. Tena heparini huzuia tu. Bonge la damu likishaganda, hailiyeyushi.

Bonge laweza kukaa ndani ya njia, au kushikamana na ukuta wa mshipa au wa moyo. Linalosumbua kwa namna ya ajabu ni ganda la fibrini linaloufunika mpira kwa nje kama soksi. Ukisukuma maji yanaingia. Ukivuta damu, ganda linafunga mlango. Mashine hulia, na mtiririko hushuka chini ya mililita 300 kwa dakika. Mgonjwa hukaa saa zilezile lakini damu iliyosafishwa ni kidogo, hasara ambayo haionekani kwa macho.

Si kila mpira unaogoma umeganda. Ukisumbua tangu siku ya kwanza, mara nyingi umekunjika au ncha haikukaa vizuri. Ukifanya kazi wiki kadhaa ndipo ugome, hapo bonge au ganda hushukiwa zaidi. Daktari anaweza kuweka dawa ya kuyeyusha, alteplesi, ikae ndani kwa muda, au kubadilisha mpira. Kuulazimisha kwa bomba la sindano ni hatari, maana bonge likichomoka huenda kwenye mapafu.

Damu iliyoganda huwapa bakteria mahali pa kujificha. Julai kila mtu Mbeya anatetemeka, lakini homa na kutetemeka kunakoanza mgonjwa akiwa kwenye mashine si baridi ya Uyole. Aambiwe muuguzi palepale, hata kama mgonjwa anaomba blanketi tu. Uso au mkono ukivimba upande wa mpira, huenda mshipa wenyewe umeziba, na hilo nalo halingoji zamu ijayo.