ASA ya mkanda na ASA ya nobu

“Ukiingia mapangoni Amboni pandisha ASA mpaka 1600, kamera itaona tu.” Ushauri huu nimeusikia tena, safari hii ukitoka kwa kijana mwenye Pentax K1000 shingoni na mkanda (filamu) wa ASA 200 ndani yake. Mwenzake akatikisa kichwa kukubali. Pale mlangoni pa pango, watalii wanasubiri kupita, hapakuwa mahali pa kufundishana. Ila kauli yenyewe imeshaenea mno kwa vijana wa Tanga walioanza kukusanya kamera za mkanda, na inawala fedha zao, maana mkanda siku hizi si bei ya maandazi.

Maana ya ASA ni fupi. Ni namba inayoonyesha mkanda unashika mwanga kwa wepesi gani. Wa 400 unatosheka na nusu ya mwanga unaotakiwa na wa 200, na wa 100 unataka mara mbili ya ule wa 200. Wepesi huo hutengenezwa kiwandani, ndani ya tabaka lenye chembe za chumvi za fedha: kwa kawaida chembe zikiwa kubwa hunasa mwanga upesi, na ndiyo maana picha za mkanda wa namba kubwa huwa na chenga. (Wapo wanaouita “mkanda wa spidi” wakadhani ni maalumu kwa kupigia baiskeli zinazokimbia. Kinachosimamisha baiskeli ni shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Mkanda mwepesi unakupa nafasi tu ya kutumia shata ya haraka.)

Herufi zenyewe ni za American Standards Association, shirika la viwango la Marekani, lililotoa kipimo hicho mwaka 1943. Kabla ya hapo ilikuwa vurugu: mwenye kipima mwanga cha Weston alifuata namba za Weston, mwenye cha General Electric alifuata za General Electric, na hazikufanana. Wajerumani walikuwa na chao, DIN, tangu 1934, nacho huongeza tatu pale ASA inapozidisha mara mbili, kwa hiyo 21, 24 na 27 ndizo 100, 200 na 400. Warusi nao walikuwa na GOST. Ukishika Zenit ya zamani, kamera ya Kirusi, ukakuta 16, 32, 65, 130, 250, usidhani nobu, kile kitufe cha kuzungushia namba, imechezewa. Ni namba za kwao, zinakaribia za ASA bila kulingana nazo sawasawa. Mwaka 1974 shirika la kimataifa la viwango, ISO, likaunganisha ASA na DIN, ndiyo sababu boksi la mkanda linaweza kuandikwa 400/27°. Kinachonichekesha ni kwamba lile shirika la Marekani lilishabadili jina tangu 1966, lakini K1000 iliyoanza kuuzwa 1976 ikatoka imeandikwa ASA vilevile. Kwa hiyo anayesema ASA na anayesema ISO wasigombane, kwenye mkanda wanataja namba moja.

Ugomvi wangu uko kwenye nobu.

Ichukue hiyo hiyo K1000. Namba ya ASA iko kwenye kidirisha kidogo juu ya nobu ya shata. Unainua ukingo wa nje, unazungusha, na namba zinapita kuanzia 20 hadi 3200. Chungulia huku unazungusha: mshale ulio upande wa kulia unapanda. Mwanga wa mbele yako haujaongezeka na mkanda haujui lolote. Kilichobadilika ni hesabu ya kipima mwanga, kwa sababu umekiambia kuwa ndani kuna mkanda mwepesi zaidi. Sasa toa ile betri ndogo ya chini. Mshale unakufa, lakini shata inaendelea kufyatuka, maana inaendeshwa kwa springi. Weka shata 125 na tundu la lenzi 8, kisha zungusha ASA utakavyo. Kiasi cha mwanga kinachoufikia mkanda ni kilekile. Ni sawa na kumtajia fundi cherehani kipimo kisicho chako: mwili haubadiliki, ila shati litakubana.

Nadhani simu ndizo zilizotuzoesha vibaya. Kwenye simu au kamera ya dijitali unabadili ISO kila picha, na kamera kweli inaikuza ishara inayotoka kwenye kihisi, picha ikatoka angavu zaidi. Kwenye mkanda picha zote 36 zinabeba namba moja, ile iliyoandikwa kwenye boksi.

Basi yule kijana wa Amboni amefanya nini? Kwa mkanda wa 200 kupimwa kama 1600, kila picha imepata sehemu moja ya nane ya mwanga unaotakiwa. Studio inaposafisha mkanda wa rangi hutumia dawa na muda uleule kwa mikanda yote, ya 100 na ya 800 pamoja. Negativu, yaani mkanda uliosafishwa, itatoka nyembamba kama plastiki tupu, naye atasema lenzi ina ukungu.

Kuna nyakati mtu huidanganya nobu kwa makusudi, na hapo sina neno. Mkanda uliokwisha muda wake, hasa uliolala kabatini katika joto letu la pwani, hupoteza wepesi. Wengi hushusha 400 wakaweka 200 au 100 ili uongezewe mwanga. Vilevile unaweza kupima mkanda mweusi-mweupe wa 400 kama 1600, mradi mkanda wote upigwe hivyo na umwambie msafishaji auache kwenye dawa muda mrefu zaidi. Sehemu zenye mwanga zitanyanyuka. Kivuli ambacho hakikupata mwanga kitabaki cheusi, dawa haiwezi kuleta kisichokuwepo. Hata watengenezaji hucheza mchezo huu: Delta 3200 ya Ilford, kwa karatasi ya maelezo ya Ilford wenyewe, ina ISO 1000. Hiyo 3200 ni namba ya kupigia, ukishakubali kuusafisha kwa muda unaolingana nayo.

Na zile kamera ndogo za plastiki zisizo na nobu ya ASA? Nyingi husoma vile viraba vyeusi na vya fedha kwenye kopo la mkanda, alama za DX zilizoletwa na Kodak mwaka 1983. Nazo pia zinasoma tu kilichomo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukishika kamera ya mtumba pale Ngamiani, mjini Tanga, usimuulize muuzaji “inafika ASA ngapi?” ukadhani umeuliza kama inaona gizani. Umeuliza kipima mwanga chake kinahesabu mpaka wapi. Muulize kama hicho kipima mwanga bado kinafanya kazi. Na ukienda Amboni weka nobu kwenye namba ya boksi, beba flashi au stendi ya miguu mitatu, kisha iache shata wazi sekunde kadhaa.